Kadi ya T206 ya Honus Wagner: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kadi hii ya mchezaji wa besiboli wa Marekani inapouzwa mnadani, maswali yaleyale hurudi: ni nini, huyo Wagner ni nani, na kwa nini karatasi ndogo hivyo inunuliwe kwa bei ya ghorofa. Tumeyakusanya hapa. Anayeanza aanzie juu. Anayefuata kashfa aruke hadi swali la 14.

## Kadi yenyewe

1. Kadi hii inafananaje?

Ni kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa sentimita 3.7 hivi na urefu wa sentimita 6.7, kidogo kuliko kadi ya benki. Mbele kuna picha ya kuanzia kifuani kwenda juu: mwanamume mwenye uso mpana, nywele amezigawa karibu na katikati, jezi imefungwa hadi shingoni, na nyuma yake rangi ya chungwa iliyokolea. Haangalii kamera. Chini, kwenye ukingo mweupe, limeandikwa jina lake na la mji kwa wino wa kahawia.

Ukiigeuza hukuti historia wala takwimu zake. Unakuta tangazo la sigara. Nyingi zina jina la Sweet Caporal, chache mno zina jina la Piedmont.

Picha iliyotumika ilipigwa na Carl Horner, mpiga picha wa Boston ambaye studio yake ilipiga wachezaji wengi wa enzi hizo. Wachoraji wa kiwandani waliichukua picha isiyo na rangi wakaitia rangi wenyewe, kwa hiyo ile chungwa ni ya kwao.

2. T206 maana yake nini?

Ni namba ya katalogi. Jefferson Burdick, mkusanyaji wa Syracuse, New York, ndiye aliyejitwika kazi ya kupanga kadi zote za Marekani alizoweza kuzipata, na akaanza kuchapisha katalogi yake mwaka 1939. Herufi T aliitoa kwa kadi za tumbaku za karne ya 20. Seti hii ikaangukia namba 206. Waliozitoa hawakuwahi kuiita hivyo.

Seti nzima huhesabiwa kuwa na kadi 524. Ilitolewa kati ya 1909 na 1911 na American Tobacco Company, ikiingizwa ndani ya pakiti za sigara za majina 16 tofauti. Wakusanyaji huiita "Dude" kwa ukubwa wake, na wapo waliozeeka bila kuikamilisha.

3. Kwa nini kampuni ya sigara igawe picha za wachezaji?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida kabisa: pakiti zilikuwa laini, na kadi ngumu ilizuia sigara zisivunjike. Ya pili ndiyo iliyoleta hela. Aliyewahi kununua bablishi kwa ajili ya stika iliyomo ndani anaijua biashara hii. Mteja akishaanza kukusanya, hahami jina la sigara kirahisi, na watoto huwasumbua baba zao wawape picha.

Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru American Tobacco ivunjwe kwa kuhodhi soko, na seti hii ikaishia mwaka huohuo.

4. Mbona kwenye kadi wameandika "Pittsburg" bila "h" ya mwisho? Ni kosa la uchapaji?

Hapana. Bodi ya serikali ya Marekani iliyosimamia majina ya mahali iliiondoa "h" hiyo miaka ya 1890 ili majina ya miji yafanane, na wenyeji wakalalamika mpaka ikarudishwa 1911. Kadi ilichapwa katikati ya kipindi hicho. Ukiona nakala yenye "h", usiendelee kusoma tangazo la muuzaji.

## Mchezaji

5. Honus Wagner alikuwa nani?

Johannes Peter Wagner alizaliwa tarehe 24 Februari 1874 karibu na Pittsburgh, Pennsylvania, eneo ambalo leo ni mji wa Carnegie. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. Akiwa na miaka 12 aliacha shule akaingia kwenye mgodi wa makaa ya mawe pamoja na baba yake na kaka zake. Saa za mapumziko walicheza besiboli. Kaka yake Albert alikuwa mchezaji pia, na ndiye aliyemfungulia njia ya kuingia kwenye timu za kulipwa mwaka 1895.

Ed Barrow alimchukua kwenye timu yake ya Paterson, New Jersey, na Julai 1897 akauzwa Louisville, timu ya National League, ligi kuu ya besiboli. Mwaka 1900 ligi hiyo ilipunguzwa kutoka timu 12 hadi 8, Louisville ikafa, na mmiliki wake Barney Dreyfuss akahamia Pittsburgh na wachezaji wake bora. Wagner akajikuta amerudi nyumbani. Akaichezea Pittsburgh Pirates mpaka 1917, na tangu hapo hakuishi mbali na Carnegie maisha yake yote.

6. Sijui besiboli. Nitajuaje kwamba alikuwa mzuri kweli?

Anza na kitu kimoja: katika besiboli, mpigaji bora hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Mrushaji anamrushia mpira kwa kasi, naye anatakiwa aupige kwa gongo na afike salama besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mbio. Anayefaulu mara 3 kati ya 10, mwaka baada ya mwaka, anahesabiwa nyota. Wagner alifaulu kwa wastani wa .328, yaani karibu mara 33 kwa kila 100, kwa misimu 21.

Aliongoza ligi yake kwa wastani huo mara 8, kati ya 1900 na 1911. Katika National League hakuna aliyempita hadi leo. Tony Gwynn alimfikia tu. Alipiga mapigo salama 3,420 na kuiba besi 723. Kuiba besi ni kukimbia kutoka besi moja hadi nyingine mrushaji akiwa bado anajiandaa, jambo ambalo usingelitarajia kwa mtu mwenye umbo lake: kifua kipana, mikono mirefu, na miguu ya matege.

Msimu wa 1908 ndio nitakaoutaja kwa mtu anayetaka mfano mmoja. Ulikuwa mwaka ambao warushaji walitawala na timu zilifunga kwa shida. Wagner alipiga wastani wa .354 na kuongoza ligi kwa mapigo salama, mapigo ya besi mbili, mapigo ya besi tatu, kuwawezesha wenzake kufunga na kuiba besi. Kwenye homurani, pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka besi zote kwa mara moja, alizidiwa na mtu mmoja, kwa mbili tu. Na bado Pirates walikosa ubingwa kwa mchezo mmoja. Kabla ya msimu huo kuanza alikuwa ametangaza kwamba anastaafu.

Hayo ni ya gongo. Uwanjani alikuwa shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, sehemu ambayo mipira mikali hupita zaidi. Waliomwona walisimulia kwamba viganja vyake vikubwa vilizoa mpira pamoja na udongo na vijiwe, akavirusha vyote kwa mkupuo, na mlinzi wa besi ya kwanza akabaki kuchagua mpira uko wapi kwenye hilo vumbi. Chumvi ipo hapo, bila shaka. Lakini watu hawamtilii chumvi mchezaji wa kawaida.

7. Kwa nini alipewa jina "The Flying Dutchman", yaani Mholanzi Arukaye?

Mbio zake na asili yake. Wamarekani wa wakati ule waliwaita Wajerumani "Dutch", wakilipotosha neno "Deutsch" ambalo Wajerumani hujiita, na hadithi ya merikebu ya mizimu yenye jina hilo ilikuwa inajulikana. Hakuwa Mholanzi. "Honus" na "Hans" ni vifupisho vya Johannes, na magazeti yaliyatumia yote mawili, kwa hiyo usishangae kuona kadi za "Hans Wagner".

8. Aliwahi kuboronga?

Ndiyo, na kwa namna iliyomuuma. Mwaka 1903 ilichezwa World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli, ya kwanza ya zama hizi, Pittsburgh dhidi ya Boston. Wagner alipiga .222, akafanya makosa 6 ya ulinzi, na Boston wakashinda michezo 5 kwa 3. Mwaka uliofuata aliombwa picha yake ili iwekwe kwenye maonyesho ya mabingwa wa kupiga. Akakataa. Alijibu kwamba alikuwa hovyo mwaka uliopita, kichekesho kwenye fainali, na kwamba angeona aibu picha yake itundikwe.

Shikilia hilo la kukataa picha. Litarudi swali la 11.

Kisasi chake kilikuja 1909. Pittsburgh walikutana na Detroit ya Ty Cobb, kijana aliyekuwa anatajwa kila kona. Wagner alikuwa na miaka 35. Akapiga .333 na kuiba besi 6, Cobb akapiga .231. Pittsburgh wakachukua ubingwa katika mchezo wa saba. Ndio mwaka uleule kadi yake ilipoanza kuchapwa.

9. Baada ya kustaafu aliishije?

Kwa kawaida tu. Alioa mwishoni mwa mwaka 1916, akaacha kucheza 1917, akajaribu biashara ya duka la vifaa vya michezo ambayo haikustawi, akafundisha michezo chuoni. Mwaka 1933 Pirates walimrudisha kama kocha, na akabaki hapo hadi 1951. Vizazi vya wachezaji vilimfahamu kama mzee wa kwenye benchi mwenye visa visivyoisha. Namba yake 33 ilistaafishwa baadaye. Ni namba ya ukocha, kwa kuwa enzi zake za kucheza jezi hazikuwa na namba.

Mwaka 1936 ulipopigwa uchaguzi wa kwanza wa Jumba la Magwiji wa Besiboli la Cooperstown, walipita watu 5: Cobb, Babe Ruth, Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Ruth na Wagner walilingana kwa kura 215 kila mmoja kati ya 226. Wasomaji wengi huwajua Ruth na Cobb na kumjua Wagner kwa kadi tu. Waliowaona wote watatu wakicheza hawakuona tofauti hiyo.

Alifariki Carnegie tarehe 6 Desemba 1955, miezi michache baada ya sanamu yake kuzinduliwa Pittsburgh. Sanamu hiyo sasa iko nje ya uwanja wa PNC Park.

## Kwa nini imeadimika

10. Zipo kadi ngapi?

Zinazojulikana ni takriban 60. Kadi za wachezaji wengine wa seti hiyohiyo zipo kwa mamia na maelfu. Ya Wagner ilianza kuchapwa 1909 pamoja na nyingine, kisha ikaondolewa mapema, na zilizokwisha kutoka ndizo hizo.

11. Ni kweli aliikataa kwa sababu aliichukia tumbaku?

Hapa ndipo watu wanapogombana, na pande zote mbili zina hoja.

Kwanza lililoandikwa. Mwaka 1912 gazeti la The Sporting News lilisimulia kwamba kampuni ya tumbaku ilimtumia John Gruber, mwandishi wa michezo wa Pittsburgh, na kumwahidi dola 10 akipata ruhusa ya Wagner. Wagner akamjibu kwa barua kwamba hataki picha yake iwe ndani ya sigara, na ndani ya bahasha akaweka hundi ya dola 10 ili Gruber asipoteze chochote. Gruber hakuibadilisha hundi ile kuwa pesa. Aliiweka iwe kumbukumbu.

Familia na mashabiki wanasema sababu ni watoto: hakutaka wanunue sigara kwa ajili ya uso wake. Wenye shaka wanasema alitaka alipwe. Wanaonyesha kwamba alitafuna tumbaku waziwazi, na kwamba picha yake ilikuwa imeshatumika kwenye biashara ya sigara kubwa, zile za biri, miaka ya nyuma. Tena alijua thamani ya jina lake: mwaka 1905 aliwaruhusu watengenezaji wa magongo ya Louisville Slugger kuchoma saini yake kwenye gongo, wa kwanza kufanya hivyo.

Nadharia ya pesa mimi hainiingii vizuri. Mtu anayedai malipo hatoi dola 10 zake kumfidia dalali. Vilevile, miaka ileile alionekana kwenye kadi za American Caramel, zilizouzwa pamoja na peremende, na hakuna fujo iliyotokea. Peremende ni za watoto. Sigara si zao. Hilo linaendana na maelezo ya familia. Lakini pia soma tena swali la 8: huyu alikuwa mtu aliyewahi kukataa picha yake itundikwe kwa sababu tu aliona hakustahili. Huenda hakuhitaji falsafa yoyote ili aseme hapana.

Na kwa wanaopenda kinaya: mwaka 1948 kampuni ya Leaf ilitoa kadi za bablishi, na Wagner, kocha mzee wakati huo, yupo namba 70. Mkononi ameshika mfuko wa tumbaku, anajijaza tonge shavuni. Kadi hiyo iliuzwa kwa watoto.

12. Kampuni kubwa kama ile ingejali nini ruhusa ya mchezaji mmoja?

Ilibidi ijali. Tangu 1903 jimbo la New York lilikuwa na sheria inayokataza kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa biashara bila idhini yake ya maandishi. Kadi zilichapwa na American Lithographic Company ya mji wa New York, ndani ya jimbo hilohilo. Waliwaendea wachezaji mmoja mmoja, na wengi walikubali.

13. Basi ndiyo kadi adimu kuliko zote duniani?

La. Zipo kadi za zamani ambazo imebaki moja au mbili tu, na haziifikii kwa bei. Hata ndani ya T206 kuna kadi ya Joe Doyle yenye kosa la ligi ambayo ni chache kuliko ya Wagner. Wakusanyaji huzitaja nne kwa pamoja: Wagner, Doyle huyo, Eddie Plank, na Sherry Magee ambaye jina lake lilichapwa kimakosa "Magie". Wagner anawazidi kwa sababu ana vyote viwili, uchache na ugwiji, juu yake kuna hadithi ya kukataa. Doyle ana uchache peke yake.

## Bei na kashfa

14. Imewahi kuuzwa kwa bei gani?

Burdick, kwenye katalogi yake, aliiwekea dola 50, bei ya kushangaza wakati kadi nyingi zilipimwa kwa senti. Kisha:

- 1991: dola 451,000
- 2000: dola milioni 1.265
- 2007: dola milioni 2.35, kisha milioni 2.8 ndani ya mwaka huohuo
- 2016: dola milioni 3.12
- Agosti 2021: dola milioni 6.6
- Agosti 2022: dola milioni 7.25

Hizo si za kadi moja; za 1991, 2000 na 2007 ni za ile inayoelezwa swali la 15. Na rekodi ya 2022 haikukaa. Mwezi huohuo kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji mwingine wa besiboli, iliuzwa dola milioni 12.6.

15. Nasikia "kadi ya Gretzky". Gretzky si mchezaji wa hoki?

Ndiye huyohuyo. Mwaka 1985 Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi, alinunua Wagner nzuri kupita kiasi katika mji wa Hicksville, New York, kwa dola 25,000, ikiwa pamoja na kadi nyingine za T206. Miaka miwili baadaye akamuuzia mkusanyaji Jim Copeland kwa dola 110,000. Mwaka 1991 Copeland aliipeleka kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, ikachukuliwa na Wayne Gretzky akishirikiana na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake, ambaye baadaye alifungwa kwa ulaghai wa mabenki. Mwaka huohuo kampuni ya PSA, iliyokuwa mpya katika kazi ya kupima uhalisi na hali ya kadi, iliipa daraja la 8 kati ya 10. Ni kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA. Hakuna Wagner nyingine iliyokaribia daraja hilo.

Baada ya Gretzky ilinunuliwa ili iwe zawadi ya bahati nasibu ya maduka ya Wal-Mart. Aliyeshinda, mwaka 1996, alikuwa mfanyakazi wa posta wa Florida. Furaha haikudumu: zawadi hutozwa kodi, na kodi ya kitu cha nusu milioni hailipiki kwa mshahara wa posta. Akaiuza kupitia Christie's, nyumba nyingine ya mnada, mwaka huohuo kwa dola 641,500. Tangu Septemba 2007 iko kwa Ken Kendrick, mmiliki wa Arizona Diamondbacks.

16. Kashfa yenyewe ni ipi?

Mkasi. Wengi walishangaa tangu mwanzo: kadi iliyokaa kwenye pakiti ya sigara 1909 inawezaje kuwa na kingo zilizonyooka kama zimetoka kiwandani jana? Kukata kingo zilizochakaa ili zionekane kali ni kosa kubwa katika ulimwengu huu. Kadi iliyokatwa haistahili daraja la namba, hupewa alama ya "halisi" tu.

Mastro alikana kwa miaka mingi. Mwaka 2012 alishtakiwa, hasa kwa minada ya kampuni yake ambako bei zilipandishwa kwa zabuni za uongo. Oktoba 2013 alikiri kosa mbele ya mahakama ya shirikisho Chicago, na katika kukiri huko akasema kwamba aliikata kadi ya Wagner pembeni kabla ya kuiuza. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Yaani kadi iliyojenga jina la upimaji wa kadi ilipimwa visivyo. Ukitaka kuelewa kwa nini wakusanyaji wazoefu hununua kadi na si namba iliyoandikwa kwenye kasha, anzia hapa.

17. Mbona kadi chakavu zaidi iliuzwa ghali kuliko nzuri?

Iliyouzwa milioni 6.6 mwaka 2021 ilikuwa na daraja la 3, na ya milioni 7.25 ilikuwa na daraja la 2. Ile ya milioni 3.12 ya mwaka 2016 ilikuwa na daraja la 5. Tofauti ni wakati. Katika janga la korona watu walifungiwa ndani wakiwa na pesa, na soko zima la kadi lilipanda. Kwa Wagner hali ya kadi ina uzito mdogo kuliko kwa kadi nyingine, maana huna foleni ya nyingine ya kuchagua.

Mwaka 2010 masista wa School Sisters of Notre Dame wa Baltimore waliuza moja waliyoachiwa urithi, imekunjika na kingo tatu zimekatwa, na ikaleta zaidi ya dola 260,000. Mwaka 2021 iliuzwa iliyochanika, nusu yake tu, kwa zaidi ya dola 475,000. Nusu ya karatasi, jamani.

## Kununua, kutambua na mengineyo

18. Nimeiona mtandaoni kwa dola 10. Kuna uwezekano?

Hakuna. Hiyo ni nakala, na nakala za Wagner zimechapwa kwa wingi tangu miaka ya 1970. Nyingine zimeandikwa waziwazi nyuma kwamba ni nakala. Tatizo ni zile ambazo maandishi hayo yamekwanguliwa, kadi ikachovywa kwenye chai na kukunjwa pembe ili izeeke.

19. Nitaitambuaje ya kweli kwa macho?

Chukua kioo cha kukuzia, angalau mara 10, uangalie mahali pawili.

Kwanza maandishi ya chini. Kwenye kadi ya kweli herufi zimejaa wino wa kahawia mfululizo, kingo zake safi. Kwenye nakala ya kisasa herufi zimejengwa kwa vitone vya rangi kadhaa, kama picha ya gazeti.

Pili uso na mandharinyuma. T206 zilichapwa kwa lithografia, rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na jiwe au bamba lake. Utaona vitone vilivyotawanyika bila mpangilio sawia, na maeneo ambayo rangi moja imetandazwa nzima. Uchapaji wa sasa hutoa vitone vilivyojipanga kwa safu, na vikipishana hufanya mafundo kama maua.

Jaribio la tatu ni taa ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Karatasi za kisasa nyingi zina kemikali ya kuongeza weupe na hung'aa samawati. Karatasi ya 1909 hubaki imefifia. Kadi ikiyapita yote haya bado hujathibitisha kitu. Ikishindwa hata moja, maliza hapo.

20. Naweza kuiona wapi?

Burdick alitoa mkusanyo wake wote, zaidi ya vipande 300,000, kwa Metropolitan Museum of Art ya New York. Alikwenda huko kwa miaka akizibandika kwenye albamu kwa mkono wake, ingawa viungo vyake vilikuwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Alimaliza Januari 1963 na kufariki miezi miwili baadaye. Wagner yumo. Maktaba ya umma ya New York nayo inayo moja. Zote mbili hazionyeshwi kila siku, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga safari.

21. Nataka kadi ya Wagner ya enzi zake lakini sina mamilioni.

Zipo kadi za peremende zilizotajwa swali la 11, hasa za American Caramel na Standard Caramel. Bado ni maelfu ya dola, ila ni Wagner wa kweli aliyechapwa akiwa bado anacheza. Leaf ya 1948 huwa nafuu zaidi. Na kama unachotaka ni kushika T206 yoyote, kadi ya mchezaji asiyejulikana, iliyochakaa, hupatikana kwa makumi ya dola: karatasi ileile, viwanda vilevile. Kwa pesa yangu ningeanzia hapo.

22. Nimekuta moja kwenye vitu vya marehemu mjomba aliyeishi Marekani. Nifanye nini?

Usiisafishe, usiinyooshe, usiibandue kama imegandishwa kwenye albamu, na usikate chochote. Iweke kwenye kasha la plastiki lisilobana. Piga picha pande zote mbili, pamoja na kitu alichokuwa ameihifadhia, barua au bahasha. Fanya majaribio ya swali la 19. Ikishindwa, na karibu zote hushindwa, mpe mtoto achezee.

Isiposhindwa, ipelekwe kwa kampuni ya upimaji, PSA au SGC, kwa mkono au kwa usafirishaji wenye bima, na asiichukue mtu anayejitolea kukusaidia kuiuza kabla haijapimwa. Wakati huohuo muulize mwanasheria kuhusu mirathi na kodi za nchi alikofia marehemu, kabla ndugu wengine hawajasikia bei.